Wimbo wa Mapasa Tuliouimba Bila Sauti

Ninyi wakunga vijana mliobaki wodini mmeniomba niandike, kwa sababu nikihadithia huwa nasema kwa sauti ndogo, na wa nyuma hawasikii. Basi naandika. Shule yangu iliishia msingi, kule Kasaji, na mkono wangu hauendi haraka, kwa hiyo nitaacha habari za vyeo na mishahara. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, mpiga deki na mkunga msaidizi, na mishahara ya Zaire nanyi mnaijua. Katikati ya vyeo hivyo viwili kulikuwa na vita.

Nilifika Kolwezi kwa treni na shangazi yangu, mimi msichana ambaye nikisalimiwa naangalia miguu. Shangazi alinipatia kazi ya kusafisha katika nyumba ya uzazi. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na ndoo, nikingoja mtu anione. Aliyeniona ni Mama Ngoie, mkunga mkuu, mwanamke mfupi kutoka kaskazini ya Katanga, mwenye mikono mipana kama ya fundi wa matofali. Hakuniuliza jina.

“Mikono yako ni ya moto ao ya baridi?”

“Ya baridi, mama.”

“Basi kila asubuhi utaiweka karibu na mbabula mbele ya kugusa muntu. Mwanamuke mwenye uchungu asiongezewe baridi ingine.”

Mbabula ile, jiko letu la makala, ndiyo ilikuwa shule yangu ya pili. Juu yake kulikuwa na sufuria nyeusi, na ndani ya sufuria mikasi, koleo na nyuzi za kufungia kitovu, vyote vikichemka mpaka Mama Ngoie aseme basi. Nilijifunza kutoa mkasi bila kugusa makali yake, kukunja vikwembe, yaani vitenge, vya kumpokelea mtoto, na kunyamaza. Hilo la mwisho nililijua kabla sijafika.

Chombo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa pembe ya kusikilizia. Ni mti uliochongwa mithili ya kikombe chembamba, wazi huku na huku: upande mmoja unaweka kwenye tumbo la mama, upande mwingine unaweka sikio. Siku hizi mna mashine. Pembe haina betri wala haihitaji umeme, ila inahitaji mtu anayeweza kukaa kimya, na labda ndiyo maana alinifundisha mimi. Mwanzoni nilisikia damu ya mama tu. Baada ya muda mrefu nikaanza kumsikia mtoto, kwa mbali, kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, nyumba ya tatu. “Usisikilize ule mwenye kupiga nguvu,” Mama Ngoie alikuwa akisema. “Sikiliza ule mwenye kujificha.”

Jambo moja lilimkasirisha. Uchungu ukichelewa, bibi za upande wetu humbana mama ataje wanaume aliolala nao, wakiamini mtoto hatoki mpaka majina yatoke. Mama Ngoie alikuwa akiwatuma hao bibi wakachote maji mbali, halafu anafunga mlango. Hata hivyo alikuwa ameshasikia majina mengi, mengine ya watu wakubwa wa mji. Hakutoa hata moja.

Vita ikaingia. Wapiganaji waliotoka upande wa mpaka walishika mji, na waliokuwa na miguu walikimbia. Mwanamke aliyejifungua jana hana miguu, kwa hiyo wagonjwa wetu walibaki, na sisi tukabaki nao. Daktari alikuwa ng'ambo ya mji, na barabara kati yetu na yeye haikuvukika. Wapiganaji walikaa shuleni, nyuma ya ukuta wetu. Njia ya changarawe ilipita chini kabisa ya madirisha, na tuliweza kusikia kila mtu aliyepita. Tuliegemeza magodoro kwenye madirisha. Mama Ngoie alipanda kiti akageuza picha ya Mkubwa wa nchi, uso ukutani. “Apumzike,” alisema. Wanajeshi wa serikali waliporudi, alipanda kiti kilekile akaigeuza tena.

Milio ya bunduki ilihamia upande mwingine, na hapo ndipo hofu ilipoanza hasa. Kolwezi ni mji wa kelele: mashine za kampuni ya madini, malori ya mawe, redio za jirani. Sasa mchana kutwa hakukuwa na kitu. Kwenye upenyo wa godoro niliona nguo za mtu zimeanikwa katika uwanja wa ng'ambo. Zilikauka, zikalowa umande, zikakauka tena, na hakuna aliyekuja kuzianua. Upepo ukipita, mikono ya shati moja iliinuka ikashuka, kama mtu anayeita halafu anaghairi. Mbwa walitembea katikati ya barabara bila kubweka, matumbo yamejaa. Hatukuulizana walikuwa wamekula nini.

Halafu kulikuwa na watoto. Mwanzoni mama zao waliwaziba kwa titi mara tu walipokunja uso. Baadaye hawakuhitaji kuzibwa. Mtoto aliamka, akakunja ngumi, akafungua kinywa mpaka unaona koo, uso ukaiva, na sauti haikutoka. Alimaliza kulia vilevile, akafunga kinywa, akalala. Nilipita kati ya vitanda na ndoo yangu, vinywa vimefunguka huku na huku, na kitu pekee nilichosikia ni maji ya ndoo. Mama Ngoie aliwaangalia koo mmoja mmoja. Hakuona ugonjwa.

“Banatufwata siye,” alisema, maana sisi wakubwa tulikuwa tukinong'ona tu.

Ntumba alikuja katika kimya hicho, asubuhi, jua limeshapanda. Walitoka mtaa wa Manika kwa miguu, wakitembea wameshika kuta, yeye na mama mkwe wake, Kaku Mbombo. Kaku ndivyo watu wa Kasai wanavyomwita bibi. Mume wa Ntumba alikuwa mchimbaji. Alikwenda kazini kabla ya vita kuingia na hakuwa amerudi. (Alirudi baadaye sana, amekonda, na hakueleza alikokuwa. Lakini siku ile hakuna aliyejua.)

Mama Ngoie alimlaza Ntumba, akampapasa tumbo, mikono ikasimama. Akanipa pembe.

“Sikiliza.”

Nilisikiliza chini, kushoto. Yupo. Nikahamisha juu, kulia. Yupo mwingine, anatwanga polepole zaidi.

“Beko babili,” nikasema. Mapacha; kwetu tunasema mapasa.

Kaku Mbombo alipiga magoti palepale na kuinua mikono apige makofi. Mama Ngoie akaidaka ingali hewani.

“Kaku! Makelele hapana. Bale batu beko nyuma ya ukuta.”

“Mapasa haipokelewake sawa mwizi,” Kaku alinong'ona kwa hasira. “Inaimbiwa! Tena inatukaniwa, yeye na baba yake na mama yake. Ukimupokea kimya anajua hamukumutaka.”

“Atanisamehe. Sukuma, Ntumba.”

Ni kweli ndivyo watu wa Kasai wanavyofanya. Mapasa wakizaliwa, wanawake wanaimba matusi ambayo siku nyingine ungepigwa kwa kuyataja, na wazazi wanapata jina jipya palepale: mama ni Mwambuyi, baba ni Shambuyi, kwa sababu pasa wa kwanza lazima aitwe Mbuyi. Wa pili ni Kabanga.

Mbuyi alitoka vizuri, mwanaume, mzito. Alifungua kinywa chake kikubwa na kulia bila sauti, kama wenzake wote. Tulimfunga kitovu, tukamfunika. Kisha uchungu ukaisha. Tumbo la Ntumba lililegea, naye akalala macho wazi akiangalia dari. Mama Ngoie aligundua kwamba Kabanga amelala kwa upande. Alimgeuza taratibu, mikono juu ya ngozi, mpaka miguu ikaelekea mlango wa uzazi. Tukangoja. Mstari wa jua uliopita juu ya godoro ulitambaa kitanda kwa kitanda, na uchungu haukurudi. Sindano za kuurudisha zilikuwa zimekwisha kabla ya vita, na aliyekwenda kuzitafuta mjini hakuonekana tena.

Nikasikiliza tena. Mtwangaji wa nyumba ya tatu alikuwa anapumzika katikati ya kutwanga.

“Anachoka, mama.”

“Hachoke,” Kaku Mbombo alisema. “Anangoya kuitwa. Ndugu yake alipita kimya, sasa ye anafikiri huku inje hakuna batu. Tena mi nakwambia, mukunga, mapasa haendake peke yake. Mumoja akirudia kule alitoka, anamuvuta mwenzake. Utabaki na mikono mitupu yote mbili.”

Ntumba alisikia. Alinyoosha mkono akamgusa Mbuyi, akauacha hapo.

Nilidhani Mama Ngoie atamtuma Kaku akachote maji. Badala yake alifuta jasho kwa kiwiko.

“Leta Mbuyi, mumuweke ku titi. Titi ikivutwa, tumbo inasikia.” Halafu akamgeukia Kaku. “Na ninyi muimbe. Lakini kwa midomo. Pumzi tupu. Nikisikia sauti, nafukuza muntu.”

Kaku alisimama mbele ya kitanda, akapanga kikwembe chake kama mtu anayekwenda harusini. Wanawake wengine wakatoka vitandani, watoto wao migongoni, wakazunguka. Walipiga makofi ambayo viganja havikugusana. Kaku akaanza, na kilichotoka kilikuwa hewa yenye maneno ndani:

“Shambuyi mulafi, moja haikukutosha!”

Nao wote wakajibu kwa pumzi, “Haikukutosha!”

“Kaku,” Ntumba alinong'ona, “baba yao tunajua kama eko?”

“Njo maana namutukana. Mufu hatukanwake. Nikimutukana, eko.” Akaendelea:

“Mwambuyi mulango wazi, bageni banatoka babili babili!”

“Babili babili!”

Katika maisha yangu ya kazi nimesikia mengi, lakini hakuna kilichosimamisha nywele zangu kama ile wodi mchana mweupe, wanawake wakicheza miguu mitupu sakafuni bila kishindo, vinywa vimejaa matusi na hakuna sauti, na watoto migongoni mwao wakiangalia. Ilikuwa kama kuangalia ngoma ya watu waliokwisha kufa. Halafu Kaku akatunga ubeti juu ya makalio ya mwanawe ambao sitauandika hapa, na Ntumba akacheka. Alicheka kwa pua tu, machozi yakimtoka, tumbo likaruka. Likaruka mara ya pili, na safari hii hakuwa anacheka.

“Imerudi,” Mama Ngoie alisema.

Mpaka leo sijui ni titi, ni wimbo au ni kicheko. Kwenye mtihani jibuni titi.

Kabanga alitanguliza miguu. Alikuwa mwanamke, mdogo, rangi ya majivu, shingo haina nguvu. Mama Ngoie alimsafisha kinywa kwa kidole, akamsugua mgongo kwa kikwembe kilichopashwa moto, akampulizia pumzi ndogo ndogo. Hakuna. Akamshika miguu na kuanza kumpiga nyayo kwa kidole.

“Asilie,” mwanamke mmoja alisema. “Mama, asilie. Bakisikia, tunakufwa bote.”

“Asipolia, anakufwa ye. Na ye njo mugonjwa wangu.”

Alimpiga nyayo tena. Kabanga alilia. Alilia mara moja, sauti kavu, kama bawaba ya mlango wa zamani, na katika mji ule usio na sauti ilipita juu ya godoro, juu ya ukuta, ikaenda zake. Watoto wote wodini waligeuza vichwa.

Changarawe ikalia chini ya dirisha. Hatua za mtu mmoja, bila haraka. Zikasimama. Mstari wa jua juu ya godoro ukakatika. Mtu alikuwa amesimama pale, karibu kiasi kwamba tulimsikia akivuta pumzi. Nilikuwa nimeshika mkasi na sikuweza kuuweka chini. Hakuna aliyetazama mwenzake.

Kisha yule mtu akaimba. Hakunong'ona; aliimba kwa sauti ya kawaida, nzuri hata, na matamshi yake yalikuwa ya kwetu, ya watu wa Sandoa na Kasaji. Kwetu pia mapasa huimbiwa; lazima alikuwa karibu tangu mwanzo, na pumzi zetu zilimfikia.

“Na kaku yao je? Kaku kisima kikavu, ndoo inapanda na vumbi!”

Akangoja ajibiwe.

Mama Ngoie alimwekea Kaku Mbombo kiganja kinywani. Kaku akakiondoa, kidole kimoja kimoja. Matusi ya mapasa yasipojibiwa yanabaki juu ya watoto. Hilo lilikuwa wazi usoni kwake, na hakukuwa na bunduki ya kumzuia.

“Na weye unasimama inje sawa mbuzi ya kupotea!” alisema, kwa sauti kamili. “Mama yako alikuzala wakati anatafuta kitu ingine!”

Kikasikika kicheko kifupi, cha puani. Jua likarudi juu ya godoro. Changarawe ililia mpaka kwenye kona, ikaisha.

“Kisima kikavu,” Kaku alisema. “Mutoto mubaya ule.”

Makondo ya nyuma yote mawili yalitoka, damu haikuzidi. Lakini Kabanga, baada ya kile kilio kimoja, hakufanya kitu tena. Alipumua, nilimsikia kwa sikio langu kifuani, ila alining'inia mikononi mwetu kama nguo iliyolowa. Ukimwekea titi, maziwa yalimwagika pembeni ya mdomo. Ukiinua mkono wake na kuuachia, ulianguka. Jioni Mbuyi naye aliacha kunyonya. Alikuwa na nguvu zake zote, hakuwa na homa, lakini aligeuza uso kutoka kwa titi na kumwangalia dada yake. Mama Ngoie alisema ameshiba. Ntumba alianza kuomba kwa lugha ya kwao.

Asubuhi yake nilitoka kuchota maji. Mlango pekee uliofunguliwa ulikuwa upande wa njia ya changarawe, na ilibidi nipite chini ya madirisha. Kwenye ukingo wa dirisha letu, palepale aliposimama yule mtu, kulikuwa na risasi mbili nzima, zimesimamishwa wima, ubavu kwa ubavu, zimefutwa vumbi. Njia ilikuwa tupu. Nguo za ng'ambo zilikuwa zinainua mikono. Nilizichukua zile risasi kwa ncha ya kikwembe changu, nikarudi ndani bila maji.

Wanawake walirudi nyuma. Mmoja alisema ni onyo: moja ya mkunga, moja ya bibi mwenye mdomo. Mwingine alisema nizirudishe upesi nilikozitoa.

Kaku Mbombo alizisogelea akazihesabu kwa kidole.

“Ni mbili,” alisema. “Amelipa salamu. Muntu akikuta mapasa anatoa kitu, na anatoa mbili za kufanana, ju mumoja asikasirike. Hakuwa na kitu ingine.”

“Kaku, kile kitu ni kichafu,” Mama Ngoie alisema. “Sijui kimetoka wapi.”

“Mapasa hawaulizake zawadi inatoka wapi. Inabidi iguse mikono yao.”

“Basi mbele nichemushe.”

Nami nilizichukua kuelekea kwenye sufuria, kwa mazoea, mpaka Mama Ngoie mwenyewe akakumbuka ni nini na kunivuta bega. Tuliziosha kwa sabuni. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka wakati wa kazi.

Kaku alimwekea Mbuyi moja kiganjani. Mbuyi aliikamata, kama mtoto yeyote anavyokamata chochote. Akaweka ya pili kwenye kiganja cha Kabanga. Kiganja kilibaki wazi. Risasi ilibingirika ikaanguka juu ya shuka. Ntumba alifumba macho.

“Kamata,” Kaku alisema. Aliirudisha. “Hii ni yako. Haiko ya ndugu yako, ni yako.”

Ikabaki pale, juu ya ule mkono mdogo wa kijivu, inang'aa. Kidole kimoja kikajikunja juu yake. Kisha kingine. Mama Ngoie aliinama. Alishika ncha ya risasi na kuvuta polepole, kama anavyovuta uzi kuona kama fundo limekaza. Mkono ukainuka pamoja nayo. Akavuta zaidi, kiwiko kikanyooka, bega likanyanyuka kutoka kwenye shuka, na Kabanga hakuachia.

“Ntumba,” Mama Ngoie alisema, kwa sauti yake yote. “Kaa muzuri. Huyu anataka kula.”